Insulini Ndani ya Mtungi

Kimbiji iko mwambao wa kusini mwa Dar es Salaam, wilayani Kigamboni, zaidi ya kilomita 30 kutoka pantoni ya Magogoni. Watu wa mjini huisikia zaidi yanapotajwa maji ya visima virefu. Chukua nyumba moja ya pwani kama hiyo, isiyo na friji, au yenye friji lakini luku imekwisha tangu juzi, na ndani yake yumo mgonjwa wa kisukari anayejidunga kila siku. Dawa yake inatunzwa kwa njia inayofundishwa katika kliniki nyingi za Afrika Mashariki: mtungi mdogo unatiwa ndani ya mtungi mkubwa, katikati panajazwa mchanga, mchanga unamwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kinafunikwa kitambaa kilicholowa. Kichupa cha insulini kinakaa chini kabisa, gizani.

Ukikitoa na kukiinua kwenye mwanga wa mlangoni, utaona kimiminika cheupe kama maji ya kisima. Ukifungua utasikia harufu ile ile kali ya dawa ya hospitali. Kama imekaa wiki nne kwenye joto la Februari, haina alama yoyote ya kuonyesha. Macho hayajui, pua haijui. Mwenye kujidunga atajua sukari itakapopanda, na hapo tayari amechelewa.

Kumjibu mtu huyo kwa uhakika kunahitaji kazi mbili: kuzitenga molekuli zilizomo kichupani, ile nzima kando na ile iliyoharibika, kisha kuzipima uzito moja moja. Kutenga kunafanywa na umeme. Kupima kunafanywa na mashine ambayo kwa miaka mingi haikuweza kuzigusa protini bila kuziunguza. Ilichukua nusu karne kuzioanisha kazi hizo mbili, na damu ya watu wa pwani hii na ya maziwa yetu imo ndani ya kisa hicho tangu sura zake za mwanzo.

Mwaka 1937, katika Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden, Arne Tiselius alikamilisha mtambo wenye urefu wa futi zipatazo 20. Kiini chake kilikuwa bomba la kioo lenye umbo la U. Alitia humo maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki baada ya chembe nyekundu kuondolewa, akapitisha umeme. Protini zikaanza kutembea, kila moja kwa mwendo wake, kwa sababu kila moja imebeba chaji yake na ina ukubwa wake. Maji yaliyoonekana kitu kimoja yakajipanga mafungu: albumini ikatangulia, nyuma yake zikafuata globulini ambazo aliziita alfa, beta na gama. Mbio hizi za molekuli zinazokokotwa na umeme ndizo wataalamu wanaziita elektroforesi. Mwaka 1948 Tiselius akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Mwaka uliofuata mtambo wa aina hiyo ulijibu swali la Kiafrika, ingawa ulikuwa California. Linus Pauling na wenzake, akiwamo daktari kijana Harvey Itano, walishindanisha himoglobini ya mtu mzima wa afya na ya mgonjwa wa selimundu. Hazikwenda mwendo mmoja. Ya mgonjwa ilikuwa na chaji chanya zaidi, tofauti ndogo mno katika molekuli kubwa, lakini umeme uliiona. Makala yao ilitoka katika jarida la Science Novemba 1949, na ndiyo iliyouita ugonjwa huo, kwa mara ya kwanza, ugonjwa wa molekuli.

Mwaka huo huo wa 1949 kijana mmoja alikuwa akizunguka Kenya na vioo vya darubini mkobani. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 lakini alikulia shambani karibu na Gilgil, Bonde la Ufa. Akiwa mwanafunzi wa Oxford alirudi na msafara wa chuo uliokuwa ukienda Mlima Kenya, naye akapitia makabila mbalimbali akichukua matone ya damu. Aliyoyakuta yalimshangaza. Pwani na kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na chembe ya kurithi ya selimundu. Kwenye nyanda za juu, hata mmoja kwa mia ilikuwa shida kumpata. Aliyekulia Kenya hakuhitaji ramani kuambiwa malaria iko wapi.

Alirudi mwaka 1953 kulithibitisha wazo lake. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 wenye chembe ya selimundu, 12 walikuwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113 walikuwa navyo. Kwa hesabu ya asilimia ni 28 dhidi ya 46. Alichapisha mwaka 1954, na wakubwa wa taaluma walichukua muda kumwamini.

Kisha Allison alifanya jambo ambalo historia nyingi hulipitia haraka: aliacha kiasi kidogo cha himoglobini ya selimundu katika maabara ya Max Perutz huko Cambridge. Ilimwangukia Vernon Ingram. Umeme ulishasema kwamba himoglobini hizi mbili hazifanani, lakini haukusema zinatofautiana wapi. Ingram aliikata protini vipande kwa kimeng'enya, akaweka tone kwenye pembe ya karatasi, akapitisha umeme upande mmoja ili vipande vitengane kwa chaji, kisha akaigeuza karatasi na kuacha kimiminika kipande upande wa pili ili vitengane kwa namna nyingine. Vipande vikatawanyika kama madoa ya chui. Doa moja tu lilikuwa limehama. Kati ya asidi amino karibu 300 za nusu ya molekuli, moja imebadilishwa: palipotakiwa pawe na asidi ya glutami pamekaa valini.

Njia mbili juu ya karatasi moja, ya pili ikiona yaliyofichwa na ya kwanza. Hapo ndipo wazo lenyewe lilipozaliwa, na yote yaliyokuja baadaye ni kulikuza.

Dar es Salaam bado inaishi na kazi ya akina Tiselius. Kati ya mwaka 2015 na 2016, watoto wachanga karibu 4,000 walipimwa selimundu katika hospitali za Muhimbili na Temeke. Kisigino kinachomwa kidogo, tone la damu linakaushwa kwenye karatasi, karatasi inapelekwa maabara, na himoglobini inakokotwa na umeme juu ya utando mwembamba wa jeli hadi kila aina isimame mahali pake kama mstari mwekundu. Takriban watoto 8 katika kila 1,000 walikutwa na ugonjwa, na karibu 13 katika kila 100 wana chembe ya kurithi. Temeke hadi miaka hiyo ilikuwa na Kigamboni ndani yake, na Kimbiji ndani ya Kigamboni.

Sasa turudi kwenye insulini, maana umeme una upofu wake.

Dawa hii ilidungwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza Januari 1922, Toronto, kwa mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson. Kwa miaka 60 iliyofuata ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Frederick Sanger wa Cambridge alimaliza mwaka 1955 kuusoma mpangilio wake wote, asidi amino 51, na mwenye kuusoma huona jambo la ajabu: insulini ya nguruwe na ya binadamu zinatofautiana mahali pamoja tu, mwisho wa mnyororo mmoja. Binadamu ana threonini, nguruwe ana alanini. Na zote hizo mbili hazina chaji. Ziweke kwenye mbio za umeme, zitakwenda bega kwa bega.

Kwa muumini wa Kiislamu wa Kimbiji au Mbwamaji, tofauti kati ya nguruwe na binadamu si ya kupuuza. Lakini umeme peke yake haukuwa na la kumwambia. Mizani ingemwambia mara moja: insulini ya binadamu ina uzito wa 5,808 katika kipimo cha molekuli, ya nguruwe 5,778. Pungufu ya 30. Inapendeza kwamba selimundu nayo, glutami inapoiachia valini nafasi, inapungua 30 hiyo hiyo katika kila mnyororo uliobadilika. Tofauti moja ya 30 umeme unaiona, nyingine hauioni.

Mizani nayo ina upofu. Insulini ikikaa kwenye joto, asidi amino iitwayo asparagini hubadilisha kikundi chake kidogo cha amonia kwa kingine na kugeuka asidi. Uzito unaongezeka kwa 1 tu, tena pungufu kidogo. Kutambua ongezeko la 1 juu ya 5,808 kunahitaji mizani nzuri sana. Juu ya dawa yenye uzito wa 150,000 ni kama kutafuta punje moja ya mchele iliyozidi kwenye gunia. Lakini mabadiliko hayo yanaipa molekuli chaji hasi mpya, na umeme huikamata papo hapo. Kila mmoja anaona pale mwenzake anapopofuka. Ndiyo maana ilibidi waoane.

Mwenzi wa pili alikawia. Mizani ya molekuli, spektrometa ya tungamo kwa jina lake rasmi, ilikuwapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini ilipima vitu vinavyokubali kuwa mvuke. Protini haikubali. Ukiipasha moto inaiva kama yai. Malcolm Dole, mkemia wa Marekani, alipata dokezo kwenye kazi ya rangi za magari: rangi inayonyunyizwa kwa umeme inajivunja yenyewe kuwa matone madogo sana, kwa sababu matone yenye chaji moja yanasukumana. Mwaka 1968 alijaribu kunyunyiza molekuli kubwa kwa njia hiyo, akafika nusu ya safari. John Fenn wa Chuo Kikuu cha Yale aliimaliza. Mwaka 1988 alionyesha kwamba tone likiendelea kukauka hewani hadi maji yaishe, protini inabaki ikielea nzima, imebeba chaji zake, tayari kwa mizani. Fenn alizifananisha molekuli hizo na tembo waliopewa mabawa.

Kyoto, katika kampuni ya Shimadzu, fundi kijana Koichi Tanaka aliufungua mlango mwingine kwa kukosea. Mwaka 1985 alichanganya gliserini na unga wa kobalti kimakosa, akaona ni hasara kuumwaga mchanganyiko ule, akauweka kwenye mashine na kuupiga leza. Molekuli zikaruka nzima, na baadaye hata protini. Fenn na Tanaka waligawana Nobel ya kemia ya mwaka 2002 na mtafiti wa tatu.

Upande wa umeme nao ulikuwa umebadilika sura. Tatizo la zamani la elektroforesi ni joto: umeme ukipita kwenye maji unayapasha, maji yanazunguka kama uji jikoni, na molekuli zilizokwisha kutengana zinavurugika tena. Stellan Hjertén, mwanafunzi wa Tiselius, alijaribu mwaka 1967 mirija ya milimita chache inayozungushwa. Mwaka 1981 James Jorgenson na Krynn Lukacs wa Chuo Kikuu cha North Carolina walipata jibu ambalo leo linaonekana jepesi. Walitumia mrija wa kioo wenye tundu la mikromita 75, karibu na unene wa unywele, ambao joto lake linatoka ukutani kabla halijavuruga kitu. Mrija wa kiasi hicho unastahimili volti 30,000, zaidi ya mara 100 ya umeme wa soketi ya nyumbani. Mbio zilizochukua saa nyingi zikawa za dakika.

Basi mwaka 1987 Richard Smith na wenzake, katika maabara ya serikali huko Richland, jimbo la Washington, waliamua kuuchomeka mrija huo moja kwa moja kwenye mizani. Richland ni mji mkavu uliokua kwa ajili ya watumishi wa mtambo wa plutoniamu wa Hanford. Haukuwa mahali ambapo mtu angetafuta habari za dawa. Na hapa inafaa kusogea karibu, kwa sababu kazi yote ilikwama kwenye ncha isiyozidi milimita chache.

Mrija wa elektroforesi unahitaji ncha zake mbili zizame kila moja kwenye kikombe chenye waya wa umeme. Bila vikombe viwili, mkondo umekatika na mbio zimekwisha. Lakini ncha ya pili ikizama kikombeni, itanyunyiza vipi ndani ya mizani? Ni lazima ining'inie hewani. Smith na wenzake waliivika ncha chuma, hivyo volti moja ikafanya kazi mbili: kuufunga mkondo na kupuliza tone. Chuma kile hakikudumu vizuri. Mwaka uliofuata wakaja na kimiminika cha pembeni, maji yaliyochanganywa na alkoholi, kinachotiririka kuuzunguka mrija na kukutana na protini pale mdomoni. Mkondo ukatulia. Lakini kile kinachotoka kwenye mrija ni kidogo mno, na kimiminika cha pembeni ni kingi kukizidi mara nyingi, kwa hiyo ni sawa na kuongeza ndoo ya maji kwenye bakuli la mchuzi. Mizani ilionja mchuzi mwepesi kwa takriban miaka 20.

Jibu la Mehdi Moini wa Texas, mwaka 2007, lingemfurahisha mfinyanzi yeyote. Aliichovya ncha ya mrija kwenye asidi inayokula kioo hadi ukuta wake ukawa mwembamba na wenye vinyweleo, kama ukuta wa mtungi. Maji hayavuji, lakini chembe ndogo zenye chaji zinapenya, na pamoja nazo mkondo wa umeme. Akaiingiza ncha hiyo kwenye sindano ya chuma iliyojaa kimiminika, na hakukuwa tena na haja ya kuongeza chochote kwenye mchuzi. Kampuni za vifaa zilichukua wazo hilo na kuliuza. Miaka iliyofuata North Carolina ilirudi uwanjani: Michael Ramsey wa chuo kile kile cha Jorgenson aliichora mirija kwenye kipande cha kioo kinachoenea kiganjani, pembe ya kioo ikiwa ndiyo mdomo wa kupulizia.

Kulikuwa na ugomvi mdogo wa jikoni pia. Wenye elektroforesi walipenda chumvi za fosfati na sabuni, na mizani inachukia vyote viwili, vinaganda mdomoni na kuzima sauti ya protini. Suluhu ilikuwa kutumia asidi zinazokauka bila kuacha mabaki: asidi ya siki, au ile ambayo baadhi ya sisimizi huirusha wanapokasirika. Na kwa kuwa protini hupenda kung'ang'ania kioo, ndani ya mrija hupakwa utando.

Haya yote yangebaki mchezo wa maprofesa kama dawa zenyewe zisingebadilika. Mwaka 1982 Marekani iliruhusu insulini ya binadamu iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni, na suala la nguruwe likaanza kufifia. Baada yake ikaja eritropoietini, homoni inayoamuru mwili utengeneze damu. Mwaka 1977 Takaji Miyake na Eugene Goldwasser waliichuja kutoka lita 2,550 za mkojo wa wagonjwa wa Japani wakapata miligramu chache tu. Kufikia 1989 ilikuwa dawa inayozalishwa na seli za maabara, na mpaka leo wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu wanaitegemea.

Eritropoietini ilivuka mipaka ya hospitali ikafika Bonde la Ufa. Mwanariadha akijidunga, damu inaongezeka na pumzi inarefuka, na kwa kuwa mwili wenyewe unaitengeneza homoni hiyo, ilidhaniwa hakuna wa kumkamata. Lakini homoni hii imevikwa minyororo minne ya sukari, na seli za kiwandani haziivishi sawasawa na figo la binadamu. Sukari zinabeba chaji. Mwaka 2000 Françoise Lasne na mwenzake wa Ufaransa walionyesha kwa umeme kwamba ya kiwandani na ya mwilini zinasimama mahali tofauti kwenye jeli. Kipimo kikaanza Olimpiki ya Sydney mwaka huo huo. Mwaka 2017 Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, huko Rio mwaka 2016, alikutwa na eritropoietini na kufungiwa. Mstari kwenye jeli ulimaliza maisha yake ya mbio.

Kisha ikapimwa kwa mrija na mizani pamoja. Mwaka 2005 Christian Neusüß na wenzake wa Ujerumani waliiingiza eritropoietini nzima, bila kuikata, kwenye mrija uliounganishwa na mizani. Kichupani mlimoandikwa jina la dawa moja, walihesabu maumbo yaliyozidi 100. Yote ni eritropoietini, yamepishana kwa sukari hapa na pale. Hapo ndipo ilipoonekana wazi kwa nini kuiga dawa ya protini si sawa na kuiga Panadol. Parasetamoli ina uzito wa 151. Ukiitengeneza sawasawa Dodoma au Mumbai, ni ile ile. Trastuzumabu, kingamwili ya saratani ya matiti iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, ina uzito wa karibu 150,000 na inatengenezwa na seli hai zenye tabia zake. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015 na kuidhinisha nakala yake ya kwanza ya bei nafuu Desemba 2019. Mtu anayeitaka nakala ya bei nafuu, na nchi kama Tanzania ina kila sababu ya kuitaka, ni lazima awe na njia ya kujua kama ni nakala kweli.

Mamlaka ya dawa ya Tanzania, ambayo leo inaitwa TMDA, Desemba 2018 ilikuwa ya kwanza barani Afrika kufikia daraja la 3 la Shirika la Afya Duniani katika usimamizi wa dawa, na maabara yake ilikwisha kutambuliwa na shirika hilo tangu 2011. Ni heshima ya haki. Mashine za mrija na mizani, hata hivyo, bei yake ni mamia ya maelfu ya dola, na anayezinunua kwanza ni kiwanda kinachotengeneza dawa. Kiwanda kinauliza maswali ya kiwanda.

Swali la mtungi halikuwa la kiwanda. Maelezo kwenye boksi yaliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye friji: nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufungua, wiki nne kwenye joto la kawaida baada ya kufungua, na hilo joto la kawaida ni 25 au 30. Februari ya Kimbiji hailijui joto hilo. Wenye mashine walikuwa na friji, wasio na friji hawakuwa na mashine, na hivyo jambo hilo lilikaa.

Lilitolewa hapo lilipokaa katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Huko shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa na wakimbizi wenye kisukari waliolazimika kwenda hospitali kila siku kudungwa, kwa sababu majumbani hamna friji. Wahudumu walipima joto la ndani ya nyumba hizo: 25 usiku, hadi 37 mchana. Chuo Kikuu cha Geneva, chini ya profesa Leonardo Scapozza, kikaitia insulini kwenye makabati yaliyoigiza joto hilo kupanda na kushuka kwa wiki nne, kisha kikaipima kwa kromatografia, yaani njia nyingine ya kutenga molekuli, na kwa seli hai. Majibu yalichapishwa Februari 2021. Nguvu ya dawa haikupungua kwa zaidi ya asilimia 1, sawa na iliyokaa kwenye friji muda wote. Mwaka 2023 wachambuzi wa Cochrane walikusanya tafiti nyingine na kukuta insulini za binadamu ambazo hazijafunguliwa zinahimili nyuzi 37 hadi miezi miwili bila upungufu wa maana.

Insulini ilikuwa na umri wa miaka 99 Dagahaley ilipojibiwa. Mtu anaweza kuwasifu waliojibu na bado akaona aibu ya muda huo.

Kuhusu mtungi wenyewe, fizikia yake inafaa ijulikane. Unapooza kwa sababu maji yanayojipenyeza ukutani yanakauka na kuondoka na joto. Dadaab hewa ni kavu, mtungi unafanya kazi nzuri. Kimbiji upepo wa bahari umejaa unyevunyevu, maji yanakauka polepole, na ubaridi unaopatikana ni wa nyuzi chache tu. Nyuzi hizo chache zinatosha kuiweka dawa chini ya mpaka uliopimwa Dagahaley siku nyingi za mwaka, mradi mtungi uko kivulini penye upepo na mchanga haujakauka.

Aliye na kichupa nyumbani asibadilishe utaratibu wake bila kuongea na kliniki yake. Asikiweke kwenye friza, kwa kuwa insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Asikiache dirishani wala kwenye dashibodi ya daladala. Na siku anapokifungua, aandike tarehe kwa kalamu kwenye karatasi ya kichupa, kisha ahesabu siku 28.